Mirija Yenye Ukungu

Kwa miaka tisa Mtafiti alijua mambo mengi kuhusu Shangazi, msaidizi wake wa maabara ambaye wote walimwita hivyo, lakini hakuwahi kuutazama mkono wake wa kulia ulipoingia kabatini na kutoka na mrija wa majaribio. Alijua kwamba hunywa chai bila sukari, kwamba huwasemesha funza anapowalisha, na kwamba akikasirika hupangusa meza ambayo tayari ni safi. Alijua hata saizi ya viatu vyake. Ila mkono ule hakuuona, na swali ambalo Shangazi alimuuliza mara tatu katika mwaka wake wa mwisho kazini hakulisikia ilivyostahili.

"Hii dawa yetu, Daktari, itamfikia mtu lini?"

Mara zote tatu Mtafiti alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta, kwa sauti ile ile aliyoitumia mbele ya wanafunzi ukumbini: miaka kumi, pengine kumi na mitano, tukijaliwa. Mara zote tatu Shangazi alisema, "Haya," akarudi kwa funza wake.

Kisha akastaafu, miaka miwili kabla ya wakati. Alisema anakwenda kupumzika. Waliagana mlangoni mwa maabara, yeye amekumbatia boksi lenye koti, kikombe na kandambili, Mtafiti ameshika simu sikioni na kuashiria kwa vidole kwamba atampigia. Hakumpigia. Wiki ya kwanza alijiambia ana shughuli. Wiki ya sita akaanza kuona haya. Na mwezi wa nne akawa anapita mbele ya kile kiti cha Shangazi chenye mto wa kijani bila kukitazama, kama mtu anayemkwepa jirani. Hakuna aliyeambiwa akae hapo, na hakuna aliyekaa. Maabara ilikuwa na watu na mashine zake zilinguruma kama kawaida, lakini masikio ya Mtafiti yaliendelea kusubiri sauti moja tu iseme, kutoka chumba cha pili, kwamba chai imepoa na mwenyewe hana habari.

Ni katika miezi hiyo Namba Kumi na Saba ilipoacha kufanya kazi.

Chumba cha funza kilikuwa mwisho wa korido, mbali na ofisi, kwa sababu ya harufu. Humo nzi weusi wakubwa walitaga mayai, na funza wao walilelewa katika trei za maganda na mboga zilizooza. Swali lililoanzisha utafiti lilikuwa la kitoto kabisa: kiumbe anayezaliwa katika uozo, akala na kulala humo humo, mbona yeye haozi? Jibu lilikuwa katika damu yake, damu isiyo nyekundu, yenye rangi ya chai iliyozidishwa maji. Ukimchoma funza kwa sindano nyembamba iliyochovywa kwenye bakteria, mwili wake hutengeneza peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, ambazo huutoboa utando wa bakteria mpaka wakavuja na kufa. Shangazi ndiye aliyekuwa akiwachoma, mmoja baada ya mwingine, mia mbili kwa asubuhi. "Pole, mwanangu," alimwambia kila mmoja. "Chanjo tu hii."

Peptidi hizo zilitengwa, zikapewa namba, na zile zilizoonyesha dalili njema zikatengenezwa upya kwa kemikali, zikaletwa maabara kama unga mweupe. Ya kumi na saba ilikuwa na uwezo wa ziada. Ina chaji chanya, nayo huvutwa na chochote chenye chaji hasi. Seli nzima ya mwili haina cha kuivuta, au inacho kidogo mno. Lakini seli ya saratani, katika kuharibika kwake, huipindua nje ile sehemu ya utando iliyopaswa kukaa ndani, ikajianika na chaji yake hasi. Namba Kumi na Saba huiendea, huing'ang'ania, na kuitoboa kama ilivyowatoboa bakteria.

Katika mwaka ule wa mwisho Shangazi mwenyewe aliomba waongeze seli za saratani ya utumbo mpana kwenye orodha ya majaribio. "Zimelala tu kwenye friza, Daktari. Tuziamshe." Mtafiti alikubali, akidhani ni bidii ya kazi. Matokeo yakawa mazuri kuliko yote yaliyotangulia: katika kila seli kumi, nane zilikufa ndani ya saa moja. Wakaandika makala, jarida likaipokea, na wahakiki wa jarida wakaomba jambo dogo tu, jaribio lile lirudiwe.

Mtafiti alilirudia mwenyewe, kwa mikono yake. Seli hazikufa. Akabadilisha unga, akaagiza mpya, hazikufa. Akabadilisha seli, akabadilisha hata maji. Mara sita alikaa mbele ya hadubini, na mara sita seli zile zilimtazama zikiwa buheri wa afya. Barua ya jarida ilikuwa ya heshima na haikuzunguka: alete matokeo kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo aiondoe makala. Nayo makala ikiondolewa, kila mtu angejua maana yake. Aliyefanya majaribio yale alikuwa mmoja, na hakuwepo kujitetea.

Wazo hilo lilipomjia kwa mara ya kwanza, Mtafiti alilifukuza kama mtu anavyomfukuza kuku jikoni. Likarudi. Labda Shangazi alitia chumvi. Alitamani arudi hata kwa sababu hiyo moja, ili ampe neno la kulifukuza wazo lile moja kwa moja. Na alimwogopa kwa sababu hiyo hiyo. Jumanne ya wiki ya pili ya mwezi ule alipiga moyo konde, akaenda.

Mlango ulifunguliwa na Shangazi, amepungua kidogo, amejifunga kitambaa kichwani. Alimtazama mgeni wake kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtambua mtu.

"Kumbe unapajua kwangu," alisema.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Ingia, usinisimamie mlangoni kama mpima umeme."

Sebuleni palikuwa na cherehani iliyofunikwa shuka, na katika kiti cha karibu na dirisha palikuwa na mwanamume aliyezungushiwa mito pande zote. Huyo alikuwa mumewe, fundi cherehani wa miaka mingi, ambaye Mtafiti alikuwa amemsikia tu katika hadithi za chai ya saa nne, za wateja wanaonenepa kati ya kupimwa na kushonewa. Alikuwa amekonda mpaka masikio yake yakaonekana makubwa.

"Ndiye huyu?" Fundi aliuliza. "Miaka tisa nanyang'anywa mke na wadudu, leo ndiyo namwona bosi wa wadudu wenyewe! Karibu, mwanangu. Kaa. Usikae hapo, hapo pana pini. Hapo nako pana pini. Basi kaa pale kwa mke wangu. Pale hapana pini, pana maneno tu."

"Mwache mtoto wa watu apumue," alisema Shangazi.

"Apumue kwani nimemkaba?"

Mtafiti alicheka, na huku akicheka aliona dirishani mstari wa chupa za dawa, na mfuko wa hospitali ulioning'inizwa kwenye msumari. Alitaka kuuliza akakosa njia. Fundi akampa.

"Utumbo mpana," alisema, kama anayetaja mtaa alikozaliwa. "Mwaka mmoja na miezi minane sasa. Wameukata, wameuunga, wamenipa dawa za kunitoa nywele nisizokuwa nazo. Ugonjwa umeshahamia kwenye ini. Mimi mwenyewe sijawahi kuhama hata nyumba."

Mtafiti alipiga hesabu bila kutaka. Mwaka mmoja na miezi minane. Seli zile ziliamshwa kwenye friza mwezi ule ule. Yale matokeo mazuri kuliko yote yalikuwa yametoka kwa mtu mwenye sababu kubwa kuliko zote ya kuyataka.

Jikoni, Shangazi alikuwa akisubiri maji yachemke, amempa mgongo.

"Sema," alisema. "Hukuja kunisalimia. Ungetaka kunisalimia ungekuja mwezi wa kwanza."

"Namba Kumi na Saba haiui."

"Haiui nini?"

"Haiui kitu. Nimerudia mara sita, Shangazi. Mwisho wa mwezi inabidi niiondoe makala."

Shangazi alichukua kitambaa akaanza kupangusa meza, ambayo ilikuwa safi.

"Na umekuja kuniuliza kama nilizipika zile hesabu."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Macho yako ndiyo yamesema, hayana adabu kama mdomo wako."

"Kwa nini hukuniambia kwamba mzee anaumwa? Ulikuwa pale kila siku!"

"Ningekwambia, ungeyatazama matokeo yangu kwa jicho gani?" Aligeuka. "Jicho hilo hilo ulilonitolea sasa hivi pale sebuleni. Nilikuona ukihesabu miezi. Mimi nilikuwa nataka kujua kweli, Daktari. Dawa ya uongo ningempa nani? Yule?"

Maji yalichemka, na hakuna aliyeyashughulikia.

"Nasikia!" Fundi alipaza sauti kutoka sebuleni. "Ugonjwa haujafika masikioni!"

"Nyamaza wewe!"

"Sinyamazi. Itabidi uende ukalirudie mwenyewe jaribio hilo, si ndiyo? Mimi nasema nipelekeni na mimi. Nataka kuziona."

Shangazi alitoka jikoni ameshika kitambaa. "Uone nini?"

"Seli zikifa." Sasa hakuwa akitania. "Tangu nimeanza kuugua nimeonyeshwa picha za hawa wageni wangu mara kumi. Kila picha wameongezeka. Sijawahi hata siku moja kuona mmoja wao akifa. Si lazima wawe wangu. Wa ukoo mmoja tu wanatosha."

Shangazi alimtazama mumewe, kisha Mtafiti, na usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho Mtafiti hakuwa amekiona katika miaka tisa, pengine kwa kuwa hakuwa ameinua macho. Kilikuwa kiu tupu.

"Na zisipokufa?" Mtafiti aliuliza kwa sauti ndogo.

"Basi nitakuwa nimetembea kidogo," alisema Fundi.

Walikuja Alhamisi asubuhi kwa teksi. Fundi alikuwa amevaa suruali ya kitambaa cha kijivu na shati jeupe aliloshona mwenyewe zamani, na alisukumwa koridoni kwenye kiti chenye magurudumu cha ofisi, akiwapungia mkono wanafunzi kama mgeni rasmi. Mtafiti alikuwa ameamua kutouliza swali lolote. Angekaa kando na kutazama, jambo ambalo katika miaka tisa hakuwa amelifanya hata kwa dakika tano.

Shangazi alivaa koti, akanawa, akavaa glavu, akaupima unga na kuuyeyusha. Hakuna kilichotofautiana. Kisha mkono wake wa kulia ukaenda kwenye kabati la juu bila yeye kulitazama, ukapapasa, ukatoka na mrija. Akasimama.

"Mirija yangu iko wapi?"

"Si hiyo?"

"Hii?" Aliuinua kwenye mwanga. Ulikuwa wa plastiki ngumu, angavu kama maji. "Hii ya kujitazamia meno. Yangu ilikuwa na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Laini, ukiibonyeza inabonyea."

"Iliisha ulipoondoka," alisema Mtafiti. "Nikaagiza hii. Mtu anaona vizuri kipimo kilipofika."

Shangazi alikaa kwenye kiti chenye mto wa kijani, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Miezi minane," alisema. "Miezi minane umekuwa ukiulisha ukuta dawa."

Akaeleza, na alieleza kwa mikono zaidi ya maneno. Namba Kumi na Saba inapenda chaji hasi, haichagui. Ikikutana na kioo, au na plastiki hii ngumu, vyenye chaji hiyo hiyo, inaganda ukutani kama unga wa ngano kwenye bakuli. Na dawa hupunguzwa makali hatua kwa hatua, kutoka mrija hadi mrija, mirija mitano. Kila mmoja unamega sehemu yake, na kinachofika kwenye seli ni maji. Kwenye plastiki yenye ukungu haipati cha kushika, hivyo inapita.

Mtafiti alikuwa akiisikia kemia aliyoifundisha kwa muongo mzima. Kilichoifanya peptidi ile iitafute saratani ndicho kilichoifanya iung'ang'anie mrija. Angeweza kuiandika ubaoni amefumba macho. Hakuwa ameifikisha kabatini.

"Ulijuaje?" aliuliza.

"Mwaka wa nne. Bakteria wanakufa Jumatatu, Jumanne wanafufuka. Wewe ulisema ni joto la chumba. Mimi nikaona Jumatatu nimetumia mirija ya pakiti hii, Jumanne ya pakiti ile. Nikajaribu mara tatu, basi."

"Lakini mbona hukuandika, Shangazi?"

"Niliandika." Hakuisema kwa ukali. "Pembeni mwa fomu ya matokeo. Ukaniambia fomu si daftari la mapishi, pembeni pabaki peupe. Ukaja na kale kachupa kako ka wino mweupe, ukanifutia mwenyewe."

Mtafiti hakuyakumbuka maneno yaliyofutwa. Alichokumbuka ni kachupa, na brashi yake ndogo, na jinsi alivyoipuliza karatasi ikauke. Alijiona akiinamia meza, mwenye haraka na mwenye haki, na akatamani kumfikia mwanamke yule aliyekuwa yeye mwaka wa nne, auzuie mkono wake.

"Wakati mnaombolezana," Fundi alisema kutoka kwenye kiti chake, "hakuna mirija mingine popote? Mimi kitambaa kikiisha huwa natafuta kwenye vipande."

Shangazi aliinuka kama aliyechomwa. Alikwenda chumba cha funza, droo ya chini kabisa, alikokuwa akihifadhia sindano zake, kila moja ndani ya mrija ili isipoteze ncha. Alirudi na pakiti iliyopasuka; ndani mlikuwa na mirija ishirini na mitatu ambayo haijaguswa, yenye ukungu.

Walifanya kazi bega kwa bega. Waliandaa sahani tatu za seli za utumbo mpana: ya kwanza haikutiwa dawa, ya pili ilitiwa dawa iliyopitia mirija angavu, ya tatu dawa iliyopitia mirija ya Shangazi. Kisha wakasubiri saa moja, na katika saa hiyo Fundi aliwasimulia habari za bwana harusi aliyeshonewa suruali mbili kwa kuwa hakuamini kwamba miguu yake haikulingana. Alisimulia vizuri, akipumzika katikati ya sentensi. Shangazi alicheka pale pale alipokuwa amecheka, bila shaka, kwa miaka thelathini.

Saa ilipotimia Mtafiti alitia rangi ya buluu. Alimweleza mgeni: seli iliyo hai huikataa rangi hii, inabaki nyeupe; iliyotobolewa huinywa, kwa kuwa haina tena mlango wa kufunga. Waliisogeza hadubini mpaka ukingoni mwa meza, na Fundi akainama.

"Zinang'aa," alisema kuhusu sahani ya kwanza. "Kama shanga. Nzuri, wallahi. Mbaya lakini nzuri."

Ya pili aliitazama. "Hizi hizi."

Mtafiti aliiweka ya tatu. Hakuwa ameitazama yeye kwanza, ingawa taratibu zote zilimtaka aitazame. Fundi aliinama, akarekebisha lenzi, akatazama. Shangazi hakuwa akitazama hadubini. Alikuwa akiitazama shingo ya mumewe iliyoinama, na ile kola aliyoishona mwenyewe kwa kipimo chake mwenyewe, ambayo sasa ilikuwa imeachana na shingo kwa vidole viwili.

"Buluu," Fundi alisema hatimaye. "Buluu, buluu, buluu. Kuna moja nyeupe hapa pembeni, nayo inapepesuka." Akainua uso, ukiwa umelowa. "Kumbe zinakufa. Mimi nilidhani hazifi."

Mtafiti alianza kusema lile alilopaswa kusema: kwamba hii ni sahani tu, kwamba ndani ya damu peptidi hukatwakatwa kabla haijafika popote, kwamba ikizidi huzitoboa hata seli nzima, kwamba bado.

"Najua, mwanangu," alisema Fundi. "Mke wangu ameniambia: kumi hadi kumi na mitano. Sikuja kunywa. Nimekuja kutazama." Akainama tena, na hakuna aliyemharakisha.

Baadaye, teksi ilipokuwa ikisubiri nje, Mtafiti alimshika Shangazi mikono yote miwili, ambayo bado ilikuwa na poda ya glavu.

"Nisamehe."

"Kwa lipi? Yako mengi."

"Kwa yote."

"Basi hayo yatachukua muda," alisema Shangazi, lakini hakuitoa mikono yake. "Umekonda. Chai unakunywa ikiwa ya moto siku hizi?"

"Hapana."

"Nilijua."

Fundi alifariki wiki saba baadaye, nyumbani, asubuhi. Makala ilikuwa imekwisha kutoka, ikiwa na jina la Shangazi mwanzoni na aya nzima kuhusu aina ya mirija, na watafiti wa maabara nyingine mbili waliandika kusema kwamba sasa wameelewa kwa nini seli zao hazikufa. Shangazi alirudi kazini siku mbili kwa wiki. Siku hizo Mtafiti hufunga kompyuta, huvuta kiti karibu naye, na kabla ya kazi kuanza humuuliza ameamkaje, akasubiri mpaka amalize kujibu.